Mama Kopo, Dada Yetu Aliyefundisha Watoto Kufungua Vinywa

Viongozi wetu wa dini, wazee wetu, majirani, walimu mliofunga madarasa mje kumsindikiza, wauguzi wenzake, na ninyi vijana wengi mliosimama kule nyuma ambao familia haiwajui kwa sura lakini marehemu aliwajua kwa magego, familia imemteua mdogo wake wa kiume, anayewasomea hapa, awaeleze kwa ufupi maisha ya dada yake, na wanaomfahamu msomaji huyu wanajua kwamba ufupi hajauzoea, hivyo walio juani wasogee kivulini mapema.

Misibani husemwa kwamba marehemu ameacha pengo, na wasemao hivyo husema kwa nia njema, lakini dada yetu alikuwa hapendi kulisikia neno hilo, kila liliposomwa alimgusa kiwiko aliyekaa naye na kumnong'oneza kwamba pengo si jambo la kujisifia, basi kwa heshima yake leo tutasema tu kwamba tumefiwa, na inatuuma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha uchapaji, akiwa mtoto wa kwanza wa baba mpiga chapa na mama fundi cherehani, na kwa kuwa mama alishinda kwenye cherehani na baba alishinda kwenye wino, ulezi wa wadogo zake ulimwangukia yeye angali mdogo, akaushika kama askari, kila asubuhi akitupanga mlangoni na kutukagua kucha, masikio na shingo, na aliyekutwa na nongo alirudishwa kwenye beseni hata kama kengele ya shule imekwisha kulia. Baba yetu alikuwa mtu wa utani mwingi, lakini kabla hajafika miaka arobaini meno yake ya mbele yalikuwa yamekwisha, mkate aliula kwa kuuchovya kwenye chai, na alipocheka alijiziba mdomo kwa kiganja chenye wino, na dada yetu, aliyempenda baba kuliko sisi sote, aliona haya kwa niaba yake na akakasirika pia, akasema akiwa mdogo vile vile kwamba yeye atakuja kuwa mtu wa meno.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1958 hadi 1964, sekondari kuanzia 1965 hadi 1968, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi mwaka 1969 na kuhitimu mwaka 1972, na pale wenzake walipoomba wodi ya wazazi na chumba cha upasuaji, yeye aliomba mafunzo ya afya ya kinywa na meno, hata mkufunzi wake akamuuliza kama amelala vizuri, kwa maana siku zile hakuna aliyekwenda kwenye meno kwa hiari yake, awe mgonjwa au muuguzi. Alimaliza mafunzo hayo Desemba 1973.

Tarehe 4 Februari 1974 aliajiriwa katika zahanati iliyo kando ya kituo cha mabasi, akapewa chumba chenye kiti kimoja cha chuma, taa ya kuvutwa kwa mkono, beseni, na dirisha lililopakwa rangi nyeupe ili walio kwenye foleni wasione yanayotendeka ndani, ingawa kusikia walisikia. Kila Jumanne na Alhamisi aliiacha zahanati na kwenda shuleni kufundisha watoto kutunza meno, na hapo ndipo alipolipata jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko jina alilopewa na wazazi, kwa sababu alikuwa akienda na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo lile mlikuwa na meno yaliyooza aliyokuwa ameyang'oa mwenyewe, yakaoshwa, yakaanikwa, yakatiwa humo. Alilitikisa mbele ya darasa kabla hajasema hata habari za asubuhi, kisha akayamwaga juu ya meza ya mwalimu, akaweka koleo pembeni, akawaambia watoto kwamba kila jino lile lilikuwa la mtoto asiyesikia. Darasa lilitulia kama maji mtungini, walimu wakuu wakafurahi, mkaguzi mmoja akasema hajapata kuona somo lenye nidhamu kama lile, na watoto wakamwita Mama Kopo, wakimwona kwa mbali wanafunga midomo na kupita upande wa pili wa barabara. Dada yetu aliichukua hofu ile kama heshima, akaona kazi inakwenda.

Tarehe 20 Desemba 1974 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwokaji wa mikate na keki, ambaye alifika zahanati akiwa ameshika shavu, akang'olewa gego, na wiki iliyofuata akarudi na keki ya shukrani, keki ikakataliwa kwa sababu ya sukari, mwenye keki akakubaliwa. Harusini watu walitania mpaka wakachoka, wakisema hii ndoa haitalala njaa, bwana atatoboa na bibi ataziba, na shemeji alicheka kuliko wote. Mungu aliwajalia watoto watatu, kifungua mimba ni binti, aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1975, na baada yake mapacha wa kiume, waliozaliwa tarehe 11 Machi 1979, ambao mnawaona hapa mbele na hata mama yao alikuwa akiwatofautisha kwa jino la mbele lililopinda.

Tulipokaa kuiandika historia hii, wazee waliona inatosha kuishia kwenye sifa, lakini binti yake alisema ya mwaka 1983 yasomwe, kwa sababu bila hayo hamtajua mama yake alikuwa nani, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye jino, tumemsikiliza. Wahenga walisema mganga hajigangi. Nyumbani kwa dada yetu sheria ilikuwa moja, mswaki wa usiku ndio wenye kazi, na ukishapiga mswaki hakipiti kitu mdomoni isipokuwa maji, na kila usiku aliuliza kutoka jikoni kama watoto wamepiga mswaki, watoto wakaitikia ndiyo, naye akaamini, maana mtu aliyeshinda akichungulia vinywa vya watoto wa watu hana tena hamu ya kuchungulia kingine, na shemeji naye, kwa mapenzi ya baba, alirudi jioni na vipande vya keki vilivyovunjika, akaviingiza chumbani kimyakimya baada ya mswaki. Basi lile gego linaloota nyuma kabisa mtoto akiwa na miaka sita, ambalo halisubiri jino lolote kung'oka na ambalo wazazi wengi hulidhani la utotoni, likatoboka kinywani mwa binti wa mtaalamu wa meno, na mtaalamu hana habari.

Mtoto alilijua tundu lile kwa ulimi, lakini alikuwa darasa la pili, amekaa dawati la mbele siku mama yake alipolitikisa kopo, amesikia kwa masikio yake kwamba meno yale ni ya watoto wasiosikia, akaona aibu atakayomtia mama yake mbele ya shule nzima, akanyamaza. Alitafunia upande mmoja, nyama yake akawagawia mapacha akidai ameshiba, usiku akaligandisha shavu kwenye ukuta wa saruji ili baridi ipooze maumivu, na bibi yake alipomuuliza mbona amepoa, alisema jino, lakini bibi asimwambie mama, na bibi akamfariji kwamba hilo ni la utotoni, litaanguka lenyewe. Mficha maradhi kilio humfichua. Asubuhi ya tarehe 19 Juni 1983 aliamka shavu limevimba hadi jicho limefumba, shingo imekaza, joto linawaka, na kinywa hakifunguki, akakimbizwa hospitali kuu, na daktari akawaambia wazazi bila kuzunguka kwamba usaha ulikuwa unashuka kooni na kwamba wangechelewa kidogo tu mtoto angeshindwa kupumua. Alipasuliwa, usaha ukatolewa, gego likang'olewa, na wazazi wakakaa kwenye benchi la korido wasijue kama watarudi nyumbani na mtoto.

Alipozinduka, pamba bado imo shavuni, aliangaza macho akamwona mama yake, na neno la kwanza alilolisema, kwa shida, lilikuwa hili: "Mama, usilitie kwenye kopo."

Dada yetu alitoka, akaenda mwisho wa korido panapowekwa ndoo na fagio, akakaa chini, akalia mpaka mama mfanya usafi akamvua viatu na kumpa maji, akidhani amefiwa. Usiku ule alirudi nyumbani mara moja tu, akachimba nyuma ya ukuta wa jiko, akayafukia meno yote, na kopo akalibonda, na shemeji aliyekuwa akijilaumu kwa vile vipande vya keki alitaka kulibeba kosa lote peke yake, lakini dada yetu akamkatalia, akasema keki ilitoboa jino lakini kilichomnyamazisha mtoto ni kopo.

Binti alipona, namshukuru Mungu kwa niaba ya familia, lakini kinywa chake kilifungwa kwa mama yake. Alipiga mswaki mlango umefungwa, ukaguzi wa meno alikwenda na baba yake kwenye kliniki ya upande wa pili wa mji, na akaanza kucheka akiwa amejiziba mdomo kwa kiganja, kama babu yake, na hicho ndicho kilichomchoma dada yetu kuliko yote. Tangu mwaka ule alikuwa na haja moja tu duniani, nyingine zote zilikuwa nyongeza, alitaka mtoto wake apate maumivu na aje kwake bila kuogopa.

Hakuweza kulazimisha, akaenda kuwafundisha watoto wa wenzake upya. Alirudi katika shule zile zile bila kopo na bila koleo, akaomba kigoda kifupi, akakaa chini kuliko watoto, akamkabidhi mmoja wao tochi na kioo kidogo, akafungua kinywa chake yeye, akawaambia wamkague, wahesabu, wamtafutie jino lililozibwa, na watoto waliokuwa wakimkimbia barabarani wakasukumana kuchungulia kinywa cha Mama Kopo, wakapiga kelele walipoliona. Mwalimu mkuu mmoja alilalamika kwamba somo limegeuka sarakasi, dada yetu akamjibu kwa adabu kwamba aliwahi kufundisha ukimya, na anaijua bei yake. Baada ya hapo aliwapanga watoto kwenye bomba la uani, kila mmoja na mswaki wake, asiye na wa dukani alichonga wa mti, dawa ya meno kiasi cha punje ya kunde, wakasugua nje, ndani na pale pa kutafunia, taratibu hadi kwenye fizi, wakatema povu bila kusukutua ili dawa ibaki ikifanya kazi, na kwa kuwa mtoto akiachiwa mwenyewe humaliza kabla hajaanza, aliwaimbia wimbo mrefu wa kusugulia alioutunga mwenyewe, kwa sauti ambayo, Mungu amrehemu, ilikuwa mbaya sana.

Hakuwahi kuwaambia watoto peremende ni dhambi, mume wake mwokaji angemlaza nje, aliwaambia tu wazile pamoja na chakula, wasitafune mchana kutwa wakayanyima meno mapumziko, na wazazi aliwaambia wasidanganyane kwamba meno ya utotoni yataanguka tu, na kwamba mtoto akifika miaka sita wapitishe kidole nyuma kabisa walitafute gego jipya, na mtoto asiachiwe mswaki peke yake mpaka aweze kufunga kamba za viatu vyake. Lakini la mwisho na la kila siku lilikuwa lile lile, kwamba jino kuuma si kosa, hakuna atakayechapwa wala kuchekwa, njoo siku ile ile. Nao walikuja. Walianza kuja zahanati wenyewe baada ya shule, bila mzazi, na mikoba mgongoni, wakasema jino limeanza jana, limeanza asubuhi, na yeye akachukua wembe akaikwangua ile rangi nyeupe dirishani, ili walio kwenye foleni waone kwamba ndani hakuna cha kutisha. Ninyi vijana wa kule nyuma ndio wale.

Nyumbani kulibaki vile vile. Msije mkadhani binti alimchukia mama yake, hasha, alikuwa mtoto mwema kupita kiasi, akasomea ufundi umeme, akaitandazia nyaya nyumba nzima ya wazazi kwa mikono yake, akaolewa tarehe 6 Septemba 2003, akamletea mama mjukuu wa kike mwaka 2006, kila Jumapili alikuja na kikapu, wakapika pamoja, wakasengenya pamoja, lakini meno ya mtoto wake alimwachia mama yake ayatazame, yake mwenyewe hapana. Siku ya harusi mpiga picha aliomba tabasamu, bibi harusi akatabasamu midomo imefungwa, na dada yetu akaondoka uwanjani kwa kisingizio cha kuangalia sufuria, mdogo wake anayewasomea akamfuata jikoni akamkuta ameshika mwiko mkavu, na dada akasema kwamba watoto wa mji mzima wamemsamehe, kasoro aliyemzaa. Msomaji wenu alimwambia awe na subira, akaambiwa subira ni rahisi kuigawa kuliko kuila.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2010, akaendelea kwenda shuleni kwa kujitolea, na tarehe 3 Aprili 2012 alimpoteza mume wake kwa ugonjwa wa moyo, wala si kwa sukari kama watani walivyokuwa wamemtabiria.

Tarehe 6 Februari 2019 marehemu alipata kiharusi, kikamlegeza upande wa kulia, mkono, mguu na nusu ya uso, ulimi ukawa mzito, na binti yake akahamia nyumbani kumuuguza. Asubuhi ya kwanza dada yetu alijaribu kupiga mswaki kwa mkono wa kushoto, dawa ikaishia sikioni, na binti alipouchukua mswaki amsaidie, mama akafunga midomo, akageukia ukutani, kwa aibu ya mtu aliyefundisha maelfu na sasa hawezi. Binti hakumlazimisha. Aliacha, akarudi mchana, akarudi jioni, akimpangusa midomo tu kwa kitambaa cha uvuguvugu na kumpa umbea wa mtaa, mpaka siku moja mama akafungua kidogo, kesho yake zaidi, na haikupita wiki mgonjwa akaanza kuleta ukaguzi, akigonga kidole shavuni kuonyesha kwamba nyuma pale hapajasuguliwa. Miezi ile yote binti alikijua kinywa cha mama yake jino kwa jino.

Asubuhi ya tarehe 14 Septemba 2019, msomaji wenu akiwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni na kikombe chake cha chai, binti alimaliza kumpiga mama mswaki, akamfuta, akakunja taulo, halafu badala ya kuondoka akakaa kitandani, akaiweka tochi katika mkono wa kushoto wa mama yake, akasema: "Mama, hili linaniuma tangu jana. Nitazamie."

Akafungua kinywa. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, fundi mzima, alifungua kinywa mbele ya mama yake kwa mara ya kwanza tangu ile pamba ya hospitali, na tochi katika ule mkono wa kushoto ikamulika pua, ikamulika dari, ikamulika chai ya msomaji wenu, mwishowe ikafika. Mama alipaona pale lilipokuwa gego, nyama imejifunga siku nyingi, na kando yake tundu changa kama tobo la sindano. Alitazama muda mrefu kuliko anavyohitaji mtaalamu. Sisi wengine tulisikia habari za jino, yeye alisikia neno "jana", ulimi ukamhangaisha hadi akalitoa lake, akasema ni dogo, kesho lizibwe, kisha akauweka mkono ule kwenye shavu la mwanawe, wakalia wote wawili, na msomaji wenu akatoka nje na kikombe kwa sababu hata wanaume wa ukoo huu hawana kifua cha mambo hayo.

Kiharusi cha pili kilimpata tarehe 18 Oktoba 2019, akalazwa hospitali kuu, na tarehe 21 Oktoba, asubuhi, muda mfupi baada ya binti kumsafisha kinywa, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, na wadogo zake watatu ambao hadi leo hawathubutu kulala bila mswaki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali kuu, waliomhudumia kama mwenzao, inawashukuru wafanyakazi wa zahanati, walimu wa shule zote alizozipita, na majirani waliokesha nasi, waliotuletea maji, viti na turubai, na ambao hawakuacha jiko letu lizime. Tena tuna shukrani za pekee kwa daktari wa meno kijana aliyekaa pale mstari wa tatu, ambaye pengine hajui kwa nini anatajwa, ni kwamba tarehe 15 Septemba alimziba jino fundi umeme mmoja, akamchoma ganzi ya kutosha, na fundi yule akarudi nyumbani nusu ya uso imelegea, akaingia chumbani kwa mama ambaye nusu ya uso wake nayo imelegea, wakatazamana, mama akaanza kucheka kwa upande wake mzima, mtoto akacheka kwa upande wake mzima, wakashindwa kujizuia, na mtoto alicheka kinywa wazi, mate yanamtoka, mikono yote miwili imeshika ya mama yake. Daktari, hiyo ndiyo kazi uliyoifanya siku ile.

Dada, ulichokitaka ulikipata kabla hujaondoka, na sisi tumeshuhudia. Nenda ukapumzike sasa, kwa amani ile ile uliyocheka nayo.